Tiba ya kujihami

Daktari anapoagiza kipimo, dawa au rufaa ambayo mwenyewe haoni kwamba mgonjwa anaihitaji, ila tu awe na cha kuonyesha siku akishtakiwa, hiyo ndiyo tiba ya kujihami. Kuiita tiba ya kujikinga kungetupoteza, kwani hospitalini kinga ni chanjo na vyandarua. Kujihami kila shabiki wa mpira anakuelewa: beki anabutua nje mpira ambao angeweza kuutuliza.

Chanzo chake ni sheria ya uzembe wa kitabibu, ambayo sisi Watanzania tuliirithi kwa Waingereza. Sheria hiyo haimtii daktari hatiani kwa sababu tu mgonjwa amekufa. Inauliza kama alifanya kile ambacho madaktari wenzake wenye ujuzi wanakikubali, kipimo kilichowekwa Uingereza mwaka 1957 katika shauri la Bolam. Mlalamikaji naye sharti aonyeshe kwamba madhara yametokana na kosa hilo hasa, si na ugonjwa wenyewe.

Marekani, ambako fidia ni kubwa, madaktari bingwa 824 wa jimbo la Pennsylvania walihojiwa katika utafiti uliochapishwa 2005, na asilimia 93 walikiri kujihami. Kwao, kujihami mara nyingi ni picha na vipimo vya ziada.

Kwetu Bariadi, mkoani Simiyu, sura ni nyingine. Daktari wa Simiyu hakoseshwi usingizi na wakili. Anaogopa kusimamishwa kazi mbele ya kamera katika ziara ya kiongozi, yaani kutumbuliwa. Anaogopa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo chini ya sheria ya 2017 linaweza kumfuta kwenye rejista. Na polisi wapo: kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa matibabu ya kizembe yanayohatarisha uhai.

Kwa hiyo kujihami kwa huku ni gari la wagonjwa na karatasi. Chukua mama aliyefika usiku kituo cha afya huko Meatu, uchungu umekwama. Chumba cha upasuaji kipo, lakini damu ni chupa moja. Daktari wa zamu akimpasua na mama akafia mezani, maswali yote ni yake. Akimwandikia rufaa ya Bariadi, na Bariadi wakamsukumia hospitali ya Bugando kule Mwanza, faili litaonyesha kila mmoja alitimiza wajibu, hata mama akifia njiani. Ugumu ni kwamba rufaa hiyo hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa, maana kupasua bila damu ya kutosha nako ni uzembe. Mimi ningeuliza swali moja tu: sababu iliyoandikwa inamhusu mgonjwa au inamhusu mwandikaji?

Karatasi nazo zina vituko vyake. Bibi asiyejua ila Kisukuma anaelezwa upasuaji kwa Kiswahili cha haraka, kisha dole gumba linachovywa kwenye wino. Faili linasomeka: ndugu wameelezwa, wamekubali. Hiyo si ridhaa, ni ngao.

Hata hivyo woga huo si hasara tupu. Novemba 2007, kwenye taasisi ya mifupa ya Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti, kwa kuwa majina yao ya kwanza yalifanana. Muuguzi anayekuuliza jina lako mara tatu kabla ya kukuingiza chumba cha upasuaji anajihami, lakini anakuhami na wewe.

Msomaji mwenye malalamiko aandike kwa Baraza. Anayetaka fidia azingatie kwamba madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu, na kwamba hospitali ikiwa ya serikali, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri.