Kilichotengwa Kimetengewa Nani?

Somo: 1 Wafalme 21:1-16



Hapa Khayega, na katika Isukha yote, wazee wetu wanalo neno la Kiingereza walilolifanya kuwa lao: rizavu. Zamani mtu aliyefanya kazi Nairobi au katika mashamba ya walowezi alisema, "Narudi rizavu," maana yake nyumbani. Leo tulitazame neno hili.

Waingereza walilipokea neno "reserve" kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini. Sehemu yake ya kwanza ina maana ya "nyuma", na ya pili ni "kutunza". Kwa hiyo ni kukiweka kitu nyuma na kukitunza, mwingine asikitumie. Mama aliyening'iniza mbegu za mahindi juu ya moshi, asiziguse hata njaa ikibisha hodi, anaijua maana hiyo vizuri kuliko kamusi.

Lakini lazima tuulize: nani ametenga, na ametengea nani? Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza mipaka ya rizavu za Wafrika. Mwaka 1930 ikatunga Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, iliyosema kwamba ardhi hiyo imetengwa kwa ajili yao milele. Kipande kikihitajiwa kwa kazi ya umma, baraza la wenyeji lijulishwe, na ardhi nyingine ya thamani ileile itolewe badala yake.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ilionekana karibu na Kakamega. Wachimbaji wa Kizungu wakaja na mahema yao. Desemba 1932 sheria ile ikabadilishwa kwa haraka. Sasa ardhi ya machimbo iliweza kuondolewa katika rizavu bila kulipwa kwa ardhi nyingine, na bila baraza kuulizwa kwanza, fedha zilitosha. "Milele" ilikuwa imedumu miaka miwili.

Arkidikoni W. E. Owen wa misheni ya C.M.S. alipinga jambo hilo kwa sauti na kwa kalamu. Hakutaka kanisa linyamaze wakati ahadi inavunjwa.

Sasa tumkumbuke Nabothi. Mfalme Ahabu alitamani shamba lake, akaahidi kumpa shamba lililo bora zaidi, au fedha. Hata Ahabu, basi, alianza kwa kutaja ardhi badala ya ardhi! Nabothi alikataa, kwa kuwa urithi wa baba zake ulikuwa umewekwa mikononi mwake na Mungu, wala haukuwa bidhaa.

Ndugu, mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na wakoloni wamekwenda zao. Lakini jaribu lile limebaki kwetu. Kitu kilichotengwa hakijaribiwi siku ambayo hakuna anayekitaka. Hujaribiwa siku thamani yake inapopanda. Tumetenga sadaka ya wajane. Je, paa la kanisa likivuja, tunaikopa bila kuwauliza wajane? Baba ametenga karo ya binti. Je, ng'ombe mzuri akipita sokoni, karo hiyo inabaki salama? Tumetenga Jumapili kwa Bwana. Je, inadumu siku biashara inapokuwa nzuri?

Kanisani tunasema "kuweka wakfu". Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kusimamisha: kitu kimesimamishwa, kisihame tena kutoka mkono hadi mkono. Mikate, majengo, watumishi, hata sisi wenyewe katika ubatizo, tumesimamishwa mbele za Mungu.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba anamjua yule aliyemwamini, ya kuwa anaweza kuilinda amana yake. Mungu hakubadilisha sheria yake tulipoonekana ghali. Alilipa kwa damu ya Mwanawe. Basi wiki hii kila nyumba iketi na kuuliza: tumetenga nini, kwa ajili ya nani, na je, bado kipo?

Bwana atupe mioyo inayotunza. Amina.