Pipa Ambalo Barry Hakulivaa

Theluji ikianguka usiku kucha kwenye njia ya mlimani ya Great St Bernard, asubuhi dunia huwa imefutwa. Mahali hapa pako karibu mita 2,470 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Uswisi na Italia, na upepo huweza kurundika theluji hadi madirishani. Binadamu akiona hivyo huanza kuhesabu shida. Mbwa haoni shida yoyote. Akifunguliwa mlango hujitupa nje, akagaragara, akazamisha pua, akainuka mweupe mwili mzima, kisha akageuka kukutazama kana kwamba anauliza unachelewa nini.

Tumezoea kusimuliwa historia ya mbwa hawa kama historia ya mashujaa. Mimi naona ni heri tuanzie kwenye furaha hiyo, kwa sababu bila furaha hiyo kazi yao isingewezekana.

Nyumba ya wageni ya hapo ilianzishwa katikati ya karne ya 11 na Bernard, padri wa Aosta, ili wasafiri wapate pa kujificha dhidi ya baridi na wanyang'anyi. Mbwa walikuja baadaye sana, katika karne ya 17, na yaelekea waliletwa kuwa walinzi tu, kama mbwa wengi wa kwetu wanaolala getini. Mwanzoni mwa karne ya 18 mmoja wao alikuwa na kazi jikoni: alikimbia ndani ya gurudumu lililogeuza nyama juu ya moto.

Lakini watawa na wahudumu wao walikuwa na desturi ya kutoka kila baada ya dhoruba kutafuta wasafiri waliopotea. Mbwa walifuatana nao, na polepole ikaonekana kwamba wanajua mambo ambayo watu hawayajui. Vifua vyao vipana vilifungua njia katika theluji laini. Ukungu ulipofunika kila kitu, waliikumbuka njia ya nyumbani. Na pua zao zilimpata mtu aliyefukiwa na poromoko la theluji, mahali ambapo jicho la binadamu liliona weupe mtupu.

Mashuhuri kuliko wote ni Barry. Alizaliwa mwaka 1800, mwaka uleule ambao Napoleon alipita hapo mwezi Mei na jeshi la watu wapatao 40,000. Alifanya kazi hadi 1812, na inasemwa aliokoa watu zaidi ya 40. Kisha, akiwa mzee, alipelekwa Bern kupumzika, na huko akafa mwaka 1814.

Kifo hicho cha kawaida hakikuwatosha watu. Ikatungwa habari kwamba mtu wa 41 alimdhania mbwa mwitu akamuua. Hadi leo, katika makaburi ya wanyama ya Asnières karibu na Paris, kuna mnara unaorudia habari hiyo.

Halafu likaja pipa. Mwaka 1820 mchoraji Mwingereza Edwin Landseer, kijana ambaye hata miaka 20 hakuwa ametimiza, alichora mbwa wawili wakimhudumia msafiri kwenye theluji, mmoja akiwa na kipipa shingoni. Picha hiyo ikaenea duniani. Watawa hawakuwa na desturi ya kuwafunga mbwa wao mapipa ya pombe, na isingekuwa busara: pombe hutanua mishipa ya ngozi, na mtu aliyeganda kwa baridi akizidi kupoteza joto la ndani hufa upesi zaidi.

Kinachonisumbua zaidi ni kilichompata Barry mwenyewe. Ngozi yake ilihifadhiwa na kujazwa katika makumbusho ya Bern. Alikuwa mbwa wa kilo 40 hadi 45 hivi, mwembamba kuliko majitu tunayoyajua leo, na alisimamishwa kichwa kikiwa kimeinama. Mwaka 1923 alitengenezwa upya: kichwa kikainuliwa, na paji la uso likabadilishwa lifanane na mbwa wa aina yake wa wakati huo. Yaani babu alisahihishwa ili afanane na wajukuu.

Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Barry ni ndogo kuliko hadithi yake, lakini ni nzuri zaidi. Hakuuawa na aliyemwokoa, wala hakubeba pombe. Alikuwa mbwa wa kazi aliyependa kutoka nje wakati kila mtu mwingine alitaka kubaki ndani, na binadamu fulani walikuwa na akili ya kumfuata.

Mwaka 1964 barabara ya chini ya mlima ilifunguliwa, na kuokoa watu kukawa kazi ya helikopta. Tangu 2005 mbwa wanatunzwa na taasisi yenye jina la Barry katika mji wa Martigny, bondeni. Kiangazi hupandishwa mlimani, na wageni huweza kutembea nao. Hawaokoi mtu tena. Lakini theluji ikianguka usiku na mlango ukafunguliwa asubuhi, bado hutangulia wao, na nyayo zao ndizo za kwanza.