Dishi Limeyumba: Utani, Ukichaa na Haki ya Kujibu Nachingwea na Ruangwa

Waingereza wakimwona mtu hana akili timamu husema skrubu yake imelegea, au ana popo kwenye mnara wa kengele. Wafaransa husema ana buibui darini, au taa haziwaki katika ghorofa zake zote. Watanzania nao wana yao: dishi limeyumba, nati zimelegea, fyuzi zimeungua. Lugha zote tatu hukifanya kichwa kuwa nyumba au mtambo, kisha hutaja kasoro ndogo badala ya balaa kubwa, na hapo ndipo watu hucheka. Makala haya hayaipingi misemo hiyo. Yanadai kwamba uhalali wake hautokani na maneno yenyewe, bali na uwezo wa anayeambiwa kujibu. Kanuni hiyo watu wa Nachingwea na Ruangwa wanayo tayari katika utani.

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi ni makazi ya Wamwera, wakiishi pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Mtani humwambia mtani wake, hata msibani, kwamba akili hazimtoshi, naye mfiwa hakasiriki. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliuita uhusiano wa namna hii dharau iliyoruhusiwa. Alikubali pia kwamba upo utani wa upande mmoja, ambao mtaniwa huupokea bila kurudisha. Utani wa makabila yetu hauko hivyo. Anayetania leo anajua kwamba kesho msiba utakuwa kwake na zamu itageuka. Zamu hiyo ndiyo inayoyatoa maneno sumu.

Nachingwea ina mfano mwingine wa kejeli inayoweza kujibiwa, nao hautokani na utani wa makabila. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Mapema mwaka 1951 mradi ulitelekezwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Waingereza wenyewe wakaligeuza jina lake kuwa msemo wa kubeza mipango ya kipuuzi ya serikali. Kejeli ile ilikuwa kali, lakini ilikuwa ya haki, kwani waliokejeliwa walikuwa mawaziri, wenye bunge na magazeti ya kujitetea.

Sasa tuutazame msemo unaosikika kote nchini: huyu wa kupelekwa Mirembe. Mirembe si nati wala dishi. Ni hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, inayopokea wagonjwa kutoka mikoa mbalimbali. Zanzibar hutajwa hospitali ya Kidongo Chekundu, na Nairobi hutajwa ile ya Mathari. Mtu aliyetibiwa huko hana namna ya kuujibu msemo huu. Akinyamaza, huhesabiwa amekubali. Akikasirika, huambiwa ugonjwa umerudi. Madhara hayaishii kwake. Familia iliyozoea kulisikia jina la hospitali kama kejeli itasita kumpeleka kijana wao akatibiwe, na safari ya kutoka Ruangwa hadi Dodoma ni ndefu hata kabla ya kuongezewa aibu.

Wapo watakaosema kwamba anayetaja Mirembe kijiweni hana nia mbaya wala hamfikirii mgonjwa yeyote. Inawezekana ni kweli, lakini utani haupimwi kwa nia ya msemaji. Hupimwa kwa uhusiano. Anayemtania asiyekuwa mtani wake huhesabiwa amemtukana, hata kama alisema huku anacheka. Tanzania ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008, na ni hatua njema. Hata hivyo, hakuna askari wa kusimamia mazungumzo ya barazani. Kinachoweza kuyasimamia ni adabu ya utani, ambayo wenyeji wa Kusini hawahitaji kufundishwa na mtu.

Kwa hiyo tuendelee kuwaambia watani wetu kwamba madishi yao yameyumba, nao watwambie sisi. Jina la hospitali tuliache libaki jina la hospitali. Na aliyetibiwa huko asitaniwe kwa ugonjwa wake mpaka aanze yeye mwenyewe.