Majina ya Wafu Katika Mwaka wa Kura

Usiku wa Aprili 30, 2004, Ted Koppel wa televisheni ya ABC alisoma majina ya wanajeshi wa Marekani waliofia Iraq, zaidi ya 700, picha zao zikipita kwenye skrini. Sinclair, kampuni inayomiliki vituo vya televisheni, ilikataza vituo vyake kurusha kipindi hicho, ikidai ni siasa iliyojificha ndani ya habari. Dai hilo lina uzito wake: mwaka ulikuwa wa uchaguzi, na orodha ya wafu humuumiza rais aliyeanzisha vita. Ila kuficha nako ni siasa, tena ya upande mmoja. Tangu 1991 serikali ilikataza picha za majeneza yakipokelewa katika kambi ya jeshi ya Dover, hadi 2009. John McCain, Mrepublican aliyeunga mkono vita hivyo, aliilaani Sinclair waziwazi, na alikuwa na haki.

Kilichochafua heshima ya askari mwaka ule hakikuwa kusoma majina, bali kampeni ya urais yenyewe. Agosti, maveterani kadhaa wa Vietnam walirusha tangazo la kudai John Kerry, mgombea urais aliyeshindana na rais huyo, alidanganya kuhusu nishani zake za vita vya Vietnam, ingawa kumbukumbu za jeshi la majini zilimuunga mkono. Tangazo lililipiwa katika majimbo matatu tu. Vyombo vya habari vikalisambaza nchi nzima bure, vikiweka madai na ushahidi kwenye mizani moja. Oktoba, Sinclair ile ile iliyoogopa siasa ilipanga kurusha filamu ya kumshambulia Kerry siku chache kabla ya kura. Malalamiko yalipozidi, ikaonyesha vipande tu.