Leseni ya kamari: kutoka mlangoni hadi mfukoni

Juzi saa tano usiku simu imelia nikiwa usingizini. Mnaijua kazi yetu ya uandishi, simu ikilia saa hizo unajua kuna moto umewaka mahali au mkubwa fulani amefariki. Nikakurupuka kutafuta kalamu. Kumbe ni ujumbe kutoka kampuni ya kubeti: nimezawadiwa bonasi, niwahi kabla ya saa sita!

Nikasonya. Halafu, nisiwe mnafiki mbele yenu, nikafungua kuangalia mechi za kesho yake. Nikatandika mkeka wa mechi sita kwa shilingi 500. Tano zikatiki. Ya sita ikauchana mkeka dakika za majeruhi.

Shilingi 500 haiumi. Kinachoniuma ni cha mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mwezi uliopita alimaliza ada yake ya chuo, shilingi 400,000, kwa siku nne. Hakwenda popote. Alikuwa amekaa nasi sebuleni, tunaangalia taarifa ya habari, yeye kainamia simu. Mama mdogo alikuwa anamuuliza kama ameshiba.

Tangu siku hiyo nina swali moja: hizi kampuni zote zina leseni. Sasa leseni ya kamari iliwekwa ili izuie nini? Nikaingia kwenye historia, na nilichokikuta kinachekesha na kusikitisha.

Tuanzie kwa Mwingereza, maana sheria zetu nyingi zimepitia kwake. Mwaka 1906 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofanya kubeti mtaani kuwa kosa. Mfanyakazi wa kiwandani akimpa mtu senti zake kwenye kona ya barabara aziweke kwenye farasi, polisi anawazoa. Lakini tajiri mwenye akaunti ya mkopo kwa mchezeshaji aliweza kubeti kwa barua, kwa telegramu au kwa simu, na hakuna wa kumgusa. Yaani zaidi ya miaka mia moja iliyopita simu ndiyo ilikuwa kinga ya tajiri! Maskini alikamatwa kwa sababu hakuwa nayo.

Unafiki huo ulidumu zaidi ya miaka 50. Sheria ya mwaka 1960 ndiyo iliyoruhusu maduka ya kubeti, na yakafunguliwa kuanzia Mei 1961. Hapo leseni ikapata maana ya kueleweka: duka hili, mtaa huu, mlango huu. Na duka lenyewe lilitakiwa lisivutie. Ndani hakuna televisheni, na mpita njia hatakiwi kuona kinachoendelea. Serikali ilikuwa inasema: ukitaka kucheza, njoo, lakini hatukuiti.

Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1966, na kuunda bodi ya kudhibiti kubeti na kutoa leseni. Tanzania ikafuata mwaka 1967, kisha mwaka 1974 ikaja sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Mwaka 2003 tukapata Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iliyozifuta hizo mbili na kuanzisha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha tuliyonayo hadi leo. Kasino, mashine za kutumbukiza sarafu, bahati nasibu, kubeti michezo, vyote vikawekwa chini yake. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi.

Angalieni jambo moja hapo. Sheria zote hizo zilitungwa mtu akiwa bado analazimika kutoka nyumbani. Avae viatu, apande daladala, aingie mahali. Kwenye mlango ule kuna mlinzi anayeweza kumwambia kijana "wewe bado mdogo". Na mtaani kuna kitu ambacho hakuna sheria iliyokiandika: majirani. Ukionekana unatoka kwenye nyumba ya kamari mara tatu kwa wiki, mama yako atapata habari kabla hujafika nyumbani. Ile aibu ilikuwa nusu ya leseni.

Halafu ikaja simu. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa Kenya, mwaka 2008 ikafika Tanzania. Tuliifurahia kwa haki kabisa. Mtu wa Dar anamtumia bibi yake Songea hela ya mbolea bila kumpa kondakta bahasha na kuomba Mungu. Lakini njia inayopeleka hela kwa bibi kwa sekunde chache inapeleka hela popote kwa sekunde hizo hizo. SportPesa ikaanza Kenya mwaka 2014, na kampuni nyingine zikamiminika. Kufikia mwaka 2017 jina hilo lilikuwa kwenye jezi za Simba, Yanga na Everton ya Uingereza. Julai mwaka huo Everton wakaja Dar kucheza na Gor Mahia, na Wayne Rooney akafunga bao la mbali pale Uwanja wa Taifa. Duka la mwaka 1961 lilikatazwa kuvutia watu. Hili la sasa limeleta Rooney Temeke!

Basi mwaka 2019 serikali ya Kenya ikachoka. Kulikuwa na ugomvi mkubwa wa kodi, na Julai leseni za kampuni 27 hazikuhuishwa. Sasa sikilizeni walivyozifunga. Hakuna mlango uliovunjwa, hakuna polisi na kufuli. Bodi iliiandikia barua kampuni ya simu kwamba namba zao za malipo zisimamishwe. Wateja wakatumiwa ujumbe wa kuwataka watoe hela zao. Baadhi ya kampuni zilikimbilia mahakamani na nyingine zikarudi baadaye, lakini siri ilikuwa imeshafichuka: mlango wa kamari ya leo ni namba ya malipo. Anayeweza kuifunga namba ndiye mwenye ufunguo.

Pamoja na hayo, Kenya iliendelea na sheria ile ile ya mwaka 1966 mpaka ilipotungwa mpya mwaka 2025. Miaka 59! Sheria ya enzi za simu ya kuzungusha kidole ikisimamia simu ya kupapasa. Yetu ya mwaka 2003 nayo ilizaliwa kabla ya M-Pesa, ingawa imefanyiwa marekebisho mara kadhaa.

Msinielewe vibaya. Sisemi kamari ipigwe marufuku. Uingereza ya mwaka 1906 imeshatuonyesha marufuku humkamata nani. Na kodi ya kamari tunaihitaji, barabara hazijengwi kwa maombi. Ninachosema ni kwamba tulihamisha mlango tukasahau kumhamisha mlinzi.

Yule mlinzi wa zamani alikuwa hajui una kiasi gani mfukoni. Wa leo anajua kila shilingi. Mitambo iliona mdogo wangu akiweka hela mara ya kumi, ya ishirini, saa nane usiku, na jibu lake likawa kumtumia bonasi. Mitambo hiyo hiyo inaweza kumwekea ukomo. Inaweza kumruhusu mtu aseme "nifungieni miezi sita" na namba ikamgomea kweli. Inaweza kunyamaza usiku watu wakalala. Haya yote yanaweza kuandikwa kwenye leseni, na asiyeyatimiza afungiwe namba, kama Kenya walivyoonyesha mwaka 2019 kwamba inawezekana.

Mdogo wangu amerudi nyumbani, anasubiri muhula ujao. Mama mdogo ameuza cherehani. Juzi nilimuuliza dogo, kwa nini hukutuambia mapema? Akasema, "Kaka, si mlikuwa mmekaa pembeni yangu?"

Sikuwa na jibu. Wenye nalo, karibuni tujadili.