Braga, Bukavu na Hesabu ya Siku za Juma

Mji wa Braga, kaskazini mwa Ureno, ulianzishwa na Warumi zama za Kaisari Augusto, wakauita Bracara Augusta. Mwishoni mwa karne ya 3 ulifanywa makao makuu ya jimbo la Gallaecia, na hadi leo ni kiti cha askofu mkuu. Wanahistoria wa lugha huukumbuka kwa sababu ya Martin, askofu wake aliyefariki mwaka 579. Katika waraka wake juu ya kuwaongoza watu wa mashambani, Martin aliwakemea Wakristo walioendelea kuziita siku kwa majina ya miungu ya Kirumi. Kanisa lilikuwa na desturi yake, yaani kuzihesabu siku kuanzia Dominika. Kifaransa kilibaki na miungu ile, ndiyo maana mardi ni siku ya Mars. Kireno kilishika hesabu: Jumatatu ni segunda-feira, ya pili; Alhamisi ni quinta-feira, ya tano.

Bukavu nayo huhesabu, ila kwa mwanzo mwingine. Kiswahili cha mitaani huanza na siku ya kazi: Jumatatu ni siku ya kwanza, Ijumaa ni siku ya tano. Jumamosi ni siku ya posho, jina linalokumbusha chakula walichogawiwa wafanyakazi wakati wa ukoloni. Kisha huja siku ya Mungu. Huko pwani, hesabu huanza baada ya Ijumaa, hivyo ya tano ni Jumatano. Hata hivyo Alhamisi, neno lenye asili ya Kiarabu, nalo lina maana ya tano, kwa kuwa Waarabu, sawa na Wareno, huanzia Jumapili. Basi "tano" moja yaangukia siku tatu zinazofuatana.

Jambo hili lina uzito darasani. Mwanafunzi wa Bukavu anaposoma "Jumapili" akadhani ni siku ya pili, yaani Jumanne, hakukosa akili. Amefuata hesabu ya kwao. Hapana budi afundishwe majina sanifu, lakini mwalimu asimwambie kwamba ya nyumbani ni makosa. Hesabu ya Braga ilitoka kanisani, ya pwani ikafuata sala ya Ijumaa, ya Bukavu ikafuata kazi na posho. Kuifuta mojawapo ni kufuta kumbukumbu ya walioipangia jamii juma lake.