Kaburi tupu la Namirembe na swali letu la Jumapili

Kwenye kipindi cha juzi tuliulizana: kama mtu anaweza kusali chumbani kwake, na mahubiri yamejaa kwenye simu, kanisani tunaenda kufanya nini? Wazazi wetu hawakuwahi kutujibu. Walisema tu, "Vaa viatu, tunachelewa." Leo tujaribu kujibu kwa historia, na historia yenyewe inaanzia Kampala inafika mpaka hapa Birmingham.

Tuanze na neno. "Kanisa" tumelipata kwenye Kiarabu, nacho kililitoa kwenye Kiaramu, ambako maana yake ni mkusanyiko. Yaani watu kwanza, jengo baadaye.

Sasa twende Uganda, Februari 1977. Idi Amin ana miaka sita madarakani na watu wanapotea ovyo. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana, pamoja na maaskofu wenzake, wanamwandikia Amin barua kulalamikia mauaji, na pia jinsi wanajeshi walivyovamia nyumba ya Luwum usiku na kuipekua. Tarehe 16 Luwum anakamatwa. Kesho yake serikali inatangaza kwamba amekufa kwenye ajali ya gari, yeye na mawaziri wawili. Waliouona mwili walisimulia habari ya matundu ya risasi. Ukazikwa Mucwini, kijijini kwao kaskazini, na ibada ya kumkumbuka Kampala ikapigwa marufuku.

Lakini kwenye kilima cha Namirembe kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Jumapili tarehe 20, maelfu ya watu walikuja kanisa kuu. Si ni ibada ya kila Jumapili? Ilipokwisha, wakatoka nje wakalizunguka kaburi lile tupu.

Hebu fikiria ujasiri huo. Kusali nyumbani kungekuwa salama zaidi, na Mungu angesikia. Ila mtu akiwa peke yake chumbani hawezi kumwonyesha mwenzake kwamba uongo wa serikali haujamwingia. Ili hilo lijulikane, ilibidi waonane uso kwa uso.

Wakati huo kijana wa Kiganda, John Sentamu, alikuwa Uingereza. Alikuwa mwanasheria na hakimu, akamkimbia Amin mwaka 1974, akasoma theolojia Cambridge. Amesimulia mwenyewe kwamba Luwum alipouawa, aliamua kuishika nafasi ya rafiki yake. Akawekewa mikono 1979, na mwaka 2002 akawa Askofu wa Birmingham.

Hakukaa sana. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 2003 wasichana wawili, wa miaka 18 na 17, walipigwa risasi wakafa nje ya sherehe ya mwaka mpya huko Aston. Wengi waliogopa kusema walichokijua. Sentamu alikuwa mmoja wa viongozi wa dini waliowasihi watu wajitokeze. Mwaka 2005 wanaume wanne walifungwa maisha. Hatusemi kanisa ndilo lililoshinda kesi; mashahidi ndio waliobeba hatari. Tunachosema ni kwamba shahidi anahitaji watu nyuma yake, kama wale wa Namirembe walivyohitajiana.

Tusijidanganye lakini. Katika nchi hii hii, miaka ya 1950, Wakristo waliotoka Karibi waliingia makanisani wakapokewa kwa baridi, na wengine wakaombwa kwa upole wasirudi tena. Jengo lilikuwepo, mkusanyiko ukawafungia mlango. Wakaanza kusali sebuleni na kwenye kumbi za shule. Wazazi wetu walipokuja, nao wakapita njia ile ile: ukumbi wa kukodi, ibada ya mchana, na chai na maandazi baadaye.

Basi, kanisa ni la nini? Tukubali, kwenye simu kuna wahubiri wanaomshinda mchungaji wetu. Lakini bibi akifariki Mwanza au Bukavu, na makaratasi hayamruhusu mama kusafiri, simu haiji na sufuria ya wali. Wanaokuja ni watu wa Jumapili. Wanaazima viti kwa jirani, wanaimba mpaka usiku, wanachanga rambirambi. Kaburi liko mbali, hawalioni. Wanalizunguka hivyo hivyo, hapa sebuleni.